Kijana ametukanwa kwa kabila lake, wenzangu kazini wakacheka. Nikae nao vipi?

Mama Katuba: Jambo wapendwa. Nafanya kazi kwenye depo ya sementi hapa Lubumbashi. Wiki hii kijana alikuja kuomba kazi ya kupakua magari. Alipotaja jina tu, shefu akamjibu: "Bilulu hatupokei hapa," yaani wadudu. Wenzangu wakacheka. Nikamwambia shefu yule ni mtoto wa watu kama wako, mikono ikinitetemeka, lakini kijana alikwisha kuondoka. Kinachoniuma zaidi ni wenzangu: ni walewale wanaolaani ukabila kila siku tukila bukari. Sasa nikiwaona hasira inanipanda, hata salamu inanishinda. Walikuwa wananidanganya?

Yaya Ruashi: Pole sana mama. Huenda waliamini kabisa walichosema. Mwanasaikolojia Kerry Kawakami na wenzake walifanya utafiti Kanada, ukatoka kwenye jarida la Science mwaka 2009. Watu walioulizwa wangejisikiaje wakisikia mtu mweusi akitukanwa walisema wangeumia sana na kumkwepa mtukanaji. Waliosikia tusi kwa masikio yao hawakuumia hivyo, na wengi wakakubali kushirikiana naye kazi.

Mwana wa Likasi: Yaya, mimi siwatetei. Neno hilo bilulu ndilo walilotukaniwa Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa hapa Katanga 1992 na 1993. Wazee wao waliletwa na Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji, kufanya kazi ya shaba, wao wenyewe wengi wamezaliwa hapahapa. Familia zililala kwenye kituo cha treni Likasi zikisubiri safari, na wengine walifia pale. Wakati ule pia watu walianza kwa kucheka. Hasira yako ni ya haki, mama.

Baba Kamalondo: Ni ya haki, ila usiwanunie wote kwa pamoja. Mchukue mmoja, mbali na depo, umuulize siku ile alijisikiaje. Mbele ya wengine atajitetea tu. Na kijana mwenyewe je? Kabla ya kupeleka maneno kwa patroni, umuulize yeye anataka nini. Kelele yako inaweza kumfungia milango mingine.

Mama Katuba: Aksanti, kijana sikumfikiria hivyo. Mlinzi wetu anamjua dada yake, nitauliza. Na mmoja wa waliocheka ni jirani yangu, tunarudi naye jioni. Nitaanza na huyo. Mwana wa Likasi, watu wako walikuwa pale kituoni?

Mwana wa Likasi: Mama na dada zangu, ndiyo. Kijana akitaka kazi, niandikie pembeni. Kwetu wanatafuta wapakuaji.