MREJESHO: Mlingoti wa mashua ya mbio, Bwawa la Mtera

Wakuu, niliuliza kuhusu mlingoti wetu wa alumini: kishikio cha kapi la henza (kamba ya kupandishia tanga) kilikuwa kinacheza, na ribiti zimezungukwa na unga mweupe. Mliosema ni ribiti za stenlesi (chuma kisichoshika kutu) kugusana na alumini na kuifanya iliwe mlipatia kabisa, asanteni sana.

Kazi kaifanya fundi wa madirisha ya alumini hapa Dodoma. Alipozitoa ribiti kwa drili, chini yake alumini imeliwa, matundu yamerefuka kama mbegu za tikiti. Kishikio tumekipandisha hadi penye alumini nzima, kati yake na mlingoti tukaweka kipande cha plastiki ili visigusane. Ribiti ni za stenlesi tena, maana za alumini ni laini na henza inavuta sana, ila kila moja imepakwa silikoni kwanza, isigusane na alumini. Chagueni isiyonuka siki! Ile inayonuka ina asidi, inakula alumini.

Tanga lenyewe kitambaa ni kizima, nyuzi ndizo zimeuawa na jua. Ukikwaruza kwa ukucha zinakatika. Fundi maturubai kalishona upya kwa uzi wa polista.

Imebaki kamba ya henza. Ya nailoni inavutika, tanga linalegea upepo ukizidi. Mwenye kujua inakopatikana ya polista, hata Dar, anielekeze.