T2 au T16? Nimepewa hadi Jumamosi

Juma_Mbagala: Wakuu, kuna mzee Temeke anauza theodolaiti (vyombo vya kupima pembe) mbili za kizamani, Wild T2 kwa laki tisa na Wild T16 kwa laki tano. Nichukue ipi?

Mpima_Mstaafu: Kwa kazi gani? Tripodi ipo? Mbona husemi? Ila mimi ni T2 tu. Unachungulia kijicho cha kusomea, unaona mistari ya pande mbili za duara la kioo zinazotazamana. Unazungusha kitasa cha mikromita mpaka ya juu ikae sawasawa na ya chini, unasoma hadi sekunde 1 (ya pembe, siyo ya saa: digrii ina dakika 60, dakika ina sekunde 60). Na kwa kuwa pande zote mbili zinasomwa pamoja, duara likiwa nje ya kitovu kidogo, kosa linajifuta.

Dada_Ramani: Babu shikamoo, lakini sekunde 1 kwa kona ya nyumba? T16 unasoma dakika moja kwa moja, unakadiria sehemu ya kumi, yaani sekunde 6. Kwenye mita 100 hiyo ni milimita 3, unene wa msumari wa kigingi chenyewe!

Juma_Mbagala: Ni kona za misingi, na kujifunza. Tripodi ipo moja, ya mbao.

Fundi_Kibada: Muulize kwanza duara ni digrii au goni. Mimi niliuziwa ya Uswisi, sikuuliza. Nikasimamisha juu ya kigingi cha kona, nikalenga upande wa barabara, nikaweka sifuri, nikageuza hadi 90. Vijana wakavuta kamba mita 20, wakaanza kuchimba. Mama mwenye kiwanja akaja na chai, akasimama, akasema, "Fundi, mbona chumba changu kimepinda?" Nikacheka. Alasiri ndipo nikaona namba zinapita 360 kuelekea 399. Mzunguko wake ni 400! Tisini yangu ilikuwa digrii 81, mwisho wa kamba umekosea mita 3 na ushee. Mfereji tuliufukia sisi wenyewe, na chai sikupewa tena.

Kijana_wa_Saiti: Wazee, mwaka huu bado mnachungulia vioo? Nunua ya kielektroniki ya mtumba.

Mpima_Mstaafu: Na betri ikikata saa saba mchana? T2 inataka mwanga wa jua tu na kile kioo cha pembeni.

Kijana_wa_Saiti: Na mvua ikinyesha, babu?

Mpima_Mstaafu: Tunakunywa kahawa.

Fundi_Lensi: Mnabishana bure. Kwa unyevu wa Dar, elekeza darubini angani (siyo kwenye jua!). Ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni fangasi, achana nayo hata ukipewa laki mbili. Kisha lenga kitu kimoja kwa uso wa kushoto (duara la wima likiwa kushoto kwako), pindua darubini na kugeuza chombo, lenga kitu kilekile kwa uso wa kulia. Tofauti ya pembe za mlalo iwe digrii 180. Ikipishana sana na hapo, huenda ilishaanguka hiyo.

Juma_Mbagala: Nimempigia. Anasema T2 haina kopo lake la chuma, analaza kwenye ndoo yenye mchele.

Dada_Ramani: Mchele?!

Fundi_Kibada: Hiyo tripodi ya mbao, kama huchukui, niulizie bei.