Mama kapimwa kumbukumbu kapata 14 kati ya 30, ila hajawahi kusoma. Kipimo hiki ni sahihi kweli?

Mwana wa Tukuyu
Habari za jioni wakuu. Mama ana miaka 76 yuko kijijini huku Tukuyu, tangu mzee afariki mwaka juzi amekuwa anarudia rudia maneno na wiki iliyopita kaweka chumvi kwenye maharage mara mbili. Nikampeleka hospitali akapewa karatasi achore maumbo ya pembe tano, aandike sentensi, halafu atoe 7 kwenye 100 aendelee kutoa hivyo hivyo. Sasa mama hajasoma hata la kwanza, ile kalamu kaishika kama kisu cha kumenyea ndizi, mkono unatetemeka mpaka machozi yakanilenga. Tukaambiwa ni uzee, kumbukumbu ndo zinaisha. Lakini huyu huyu anamjua kila mtu ambaye hajamlipa hela ya ndizi na ni shilingi ngapi!! Nifanyeje?

NesiUyole
Pole sana kaka. Hicho cha 30 kimetoka Marekani tangu 1975 na kinataka mtu aliyekaa darasani, asiyesoma anakatwa pointi kwa kukosa shule. Kuna kingine kinaitwa IDEA, kilifanyiwa kazi hapa hapa kwetu wilaya ya Hai, hakuna kuandika: anasomewa maneno kumi baadaye anaulizwa ameshika mangapi, anataja wanyama ndani ya dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kama alivyopanga anayempima. Kiulizie. Na dokta akusikilize na wewe pia, lini ilianza, anapotea njia? chenji anahesabu? Ila mzee akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu usisubiri, malaria au UTI inafanya hivyo.

Mnyalukolo wa Mafinga
Kamwene. Masikio yake yakoje? Bibi yangu tulishasema akili imeruka, unamuuliza umekula anakujibu "wamelala", kumbe sikio limeziba uchafu, walivyomsafisha tu akaanza kutugombeza kwa majina yetu yote.

NesiUyole
Hapo umenena, asiyesikia anajitenga, na kujitenga nako kunachangia kumbukumbu kushuka. Kaka muulize mama taratibu: ndugu wangapi anaonana au kuongea nao angalau mara moja kwa mwezi, wangapi anaweza kuwaambia ya moyoni, wangapi akiwaita watakuja kumsaidia. Halafu rudia matatu hayo kwa marafiki. Kila swali mwisho pointi 5, jumla 30, akiwa chini ya 12 ujue yuko kwenye hatari ya kutengwa na watu.

Mwana wa Tukuyu
Nimemuuliza usiku huu tukiwa jikoni. Kapata 8. Kwenye ndugu alihesabu kwa vidole vizuri tu, kwenye marafiki akanyamaza muda mrefu anachokonoa moto, akasema wengi wameshazikwa, na wale wa kwaya kaacha kwenda kwa sababu hasikii wanaimba ubeti upi. Miaka miwili mimi nilidhani ni msiba tu. Jumatatu tunaanza na masikio, hizo njiti za kiberiti baadaye.