Kaiti iliyotumika, Paje: nitajuaje bei ya haki?

Swali
Habari zenu, ndugu. Mgeni anayeondoka hapa Paje, Zanzibar, ananiuzia kaiti (tiara kubwa yenye mirija ya hewa, ya kumvuta mtu juu ya ubao baharini) ya mita 9 za mraba pamoja na kamba zake, akidai imetumika msimu mmoja tu wa kusi. Rangi bado inang'aa, ila kuna kiraka karibu na ncha. Niikague vipi kabla ya kukubali bei?

Jibu
Ndugu, rangi isikudanganye. Kikunjekunje kitambaa karibu na sikio: kilicho kipya hulia kikavu kama karatasi, ilhali kilichochoshwa na jua huwa laini na kimya. Kisha ijaze upepo hadi iwe ngumu, uiache kivulini kwa muda wa saa mbili. Ikilegea, mpira wa ndani au vali inavuja, na hapo una haki ya kushusha bei. Kiraka hakinitishi, naogopa mshono uliofumuka kwenye ukingo wa mbele.

Jibu
Naongezea kamba, ambazo wengi huzisahau. Zifunge zote nne kwenye msumari mmoja, uzivute sawasawa: za mbele, kwa kuwa hubeba mzigo mkubwa zaidi, hurefuka kuliko za nyuma. Jaribu pia mwenyewe kifunguo cha dharura, kile cha kujiachanisha na mvuto wa kaiti, maana mchanga huingia kila mahali.

Muulizaji
Nashukuru. Nimeijaza leo asubuhi, na kabla ya saa kwisha ubavu wa katikati (mmoja wa mirija ya hewa) ulikuwa umelala kama pweza aliyepigwa. Muuzaji amepunguza bei bila ubishi, na pampu ameniongezea.