Chumvi, spirei ya nywele au sponji: ipi inafaa kuchubua rangi ya Marmon-Herrington?

FundiPlastiki (Dar)
Wakuu, habarini. Nimemaliza kuunganisha modeli ya plastiki ya gari la deraya la Marmon-Herrington Mk II, boksi la kampuni ya IBG, skeli ya 1/35 (yaani dogo mara 35 kuliko gari lenyewe). Nataka liwe kati ya yale ya Afrika Kusini yaliyotoka Kenya mapema 1941 kupigana na Waitaliano, majeshi yakavuka mto Juba, Mogadishu ikaanguka Februari na Addis Ababa Aprili 6. Rangi ionekane imechubuka. Nasikia kuna chumvi, spirei ya nywele na sponji. Mliojaribu zote, nishike ipi? Rangi ninazo za Tamiya na Vallejo. Eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi, ipo, ila kompresa inakohoa kama mvuta kiko.

MzeeMsasa (Nairobi)
Chumvi nilishaiaga. Unalowesha modeli, unanyunyiza, ikikauka unapulizia rangi juu yake halafu unaikwangua. Shida ni kwamba punje hukaa zinapotaka zenyewe. Na piga hesabu: baka la milimita 2 kwenye 1/35 ni sentimita 7 kwenye gari lenyewe, upana wa kiganja. Kwenye 1/72 ndiyo usiseme. Hiyo waachie wanaotengeneza meli iliyozama.

DadaBrashi (Mombasa)
Spirei ya nywele, lakini kwa mpangilio. Praima, rangi ya chini, vanishi, spirei mikono miwili myepesi, kisha rangi ya juu. Ikikauka lowesha kwa maji, subiri kidogo, gongagonga kwa brashi ya zamani uliyoikata nywele zikabaki fupi na ngumu. Maji yanapenya, spirei inayeyuka, rangi inaachia. Sasa hapo ndipo Tamiya na Vallejo zinapopishana. Tamiya ichanganye na maji, si thina yake, maana kwa thina inang'ang'ania. Vallejo inajivua kama nyoka anavyojivua gamba, unabaki na kipande kizima kwenye brashi. Na usiilaze siku mbili. Mimi huchubua ndani ya saa moja.

Boharia35 (Muscat)
Kompresa inakohoa na bado mnampa kazi ya kupulizia? Ndugu yangu, chukua kipande cha sponji iliyokuja na boksi la simu, chovya, futa kwenye karatasi hadi udhani rangi imeisha, ndipo uguse kingo za milango. Ukikosea, futa kwa kidole chenye maji. Sijawahi kulia kwa sababu ya sponji.

MzeeMsasa
Sawa, ila tumeruka swali. Gari lenyewe lilichubukaje? Mk II ni za 1940, bodi ya Afrika Kusini juu ya chasi ya Ford. Linaingia Somalia halijamaliza hata mwaka. Kutu itoke wapi, kwenye ukame ule? Nimeendesha sana njia za Wajir. Kinacholiumiza gari kule ni miba ya migunga: inachora ubavuni mistari myembamba ya mlalo, kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma hukioni, unaona mkwaruzo uliopauka tu. Halafu vumbi linafunika kila kitu.

DadaBrashi
Shikamoo mzee, hapo umenikamata. Basi, Fundi, spirei ile ile, rangi ya chini iwe ile ile ya juu lakini umeipausha, na badala ya kugonga chora kwa ncha ya kijiti cha meno. Vumbi baadaye. Ukitia rangi ya enameli iliyolainishwa kwa tapentaini kwenye mishono, tapentaini isituame. Mimi niliwahi kuimwaga chini ya gari bila vanishi, asubuhi mhimili wa mbele ukakatika wenyewe mezani, plastiki imekuwa kama biskuti.

Boharia35
Na madirishani, ngazini, pale buti zinapokanyaga? Hapo mwachieni sponji yangu.

FundiPlastiki
Marahaba ya mzee naichukua mimi leo. Nimejaribia kwenye kijiko cha plastiki kwanza: Tamiya kwa maji, dakika 40, kijiti kimechora mistari safi kabisa. Vallejo imetoka utepe mzima, kama alivyosema dada. Sponji nimeipa ngazi na kingo za mlango wa dereva, basi. Vumbi ni udongo mwekundu niliouchekecha kwa soksi ndefu ya mama watoto, na yeye bado anaitafuta. Picha kesho, mwanga ukiwa mzuri.