Naombeni ushauri: mpwa wangu amebakiza yadi 143 avunje rekodi ya chuo chake

Mjomba Mlezi
Wakuu, poleni na majukumu. Nina jambo linaninyima usingizi, na huku nilipo sina mtu mzima wa kukaa naye nikamweleza.

Niko Marekani, majimbo ya katikati, miaka mingi sasa. Naishi na mpwa wangu. Dada alikuwa anasoma huku, akamzaa huku, kisha akarudi Morogoro kumuuguza mama yetu, kijana akabaki mikononi mwangu. Sasa yuko mwaka wa mwisho wa chuo na anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa yai. Yeye ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi apenye nao katikati ya watu. Chuo chenyewe si cha kuonyeshwa kwenye televisheni kila wiki, lakini huku hata chuo kidogo kina kitabu chake cha kumbukumbu: nani kakimbia yadi nyingi zaidi kwa mechi moja, kwa msimu, kwa miaka yote aliyokaa. Hiyo ya miaka yote ameishikilia mtu mmoja tangu miaka ya tisini. Dogo amebakiza yadi 143.

Mechi imebaki moja, Jumamosi, nyumbani. Ndiyo siku ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho, mzazi anaingia uwanjani na mwanawe. Dada nimeshamkatia tiketi, anaruka Alhamisi.

Swali: acheze, au apumzike ajiandae na majaribio ya NFL, ile ligi kuu ya kulipwa ya mpira huo? Maana wapo walioacha mechi ya mwisho wasije wakaumia. Christian McCaffrey na Leonard Fournette, nyota wa vyuo wakati huo, walifanya hivyo mwishoni mwa 2016, na wote wakachukuliwa mapema kabisa kwenye drafti ya 2017, pale timu za kulipwa zinapochagua wachezaji kwa zamu. Nisaidieni kwa busara.

Kipanga wa Mbagala
Hongera sana mkuu, damu ya Moro hiyo! Mimi nakukumbusha mtu wetu, Hasheem Thabeet. Alipoondoka chuo cha Connecticut mwaka 2009 alikuwa wa pili katika historia ya chuo kile kwa kuzuia mipira ya kikapu, nyuma ya Emeka Okafor. Alikuwa na mwaka mmoja mkononi. Angerudi, jina lake lingekaa juu. Akaenda zake kwenye drafti, akachukuliwa namba mbili na Memphis. Nani leo anamlaumu kwa rekodi ile?

Ila moyoni nasema acheze. Mimi nilikuwa nakimbia mita 400 UMISSETA, mwaka wa mwisho nikaugua malaria wiki ya fainali za mkoa. Mpaka leo nikipita pale uwanjani najiuliza ningekimbia kwa sekunde ngapi. Kijana asije akabaki na swali kama langu.

Mama Nuru
Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Hujatuambia anasomea nini. Yadi zote hizo na hakuna hata mstari mmoja wa masomo! Cheti mkononi kwanza, mpira baadaye. Nimefundisha watoto wenye vipaji, walipovunjika miguu hakuna aliyewakumbuka.

Chumvi Nyingi
Samahani, mimi nimekwama kwenye yadi. Yadi 143 si ni kutoka hapa kwangu hadi dukani kwa Mangi? Si akimbie tu mara moja aje akae?

Mdau wa Texas
@Chumvi Nyingi, uwanja mzima una yadi 100. Kupata 143 kwa mechi moja huku watu kumi na moja wanakuwinda ni kazi ya mwanaume. Tena ukidakwa nyuma ya mstari ulipoanzia, zile ulizorudishwa zinakatwa kwenye jumla yako. Mtu anaweza kuivuka rekodi robo ya tatu, akapoteza yadi tatu, akajikuta chini yake tena.

Sasa mleta mada, naomba nikuulize kiungwana. McCaffrey na Fournette walikuwa wanasubiri mamilioni, kila mtu alijua wanachukuliwa mapema. Chuo unachokieleza si cha hivyo. Mtoto aliyebakiza yadi 143, mama yake yuko njiani, hakuna mjomba duniani anayeuliza kama acheze. Kuna kitu hujakisema. Ana jeraha?

Mjomba Mlezi
Bega linamsumbua kidogo tangu mechi iliyopita. Si la kutisha. Mazoezi anafanya, ila jezi wamempa ya rangi tofauti asigongwe.

Mdau wa Texas
Bega la kulia au la kushoto? Na wamempiga picha?

Mjomba Mlezi
Mkuu, naona unanihoji kama polisi.

Mdau wa Texas
Nina mtoto anacheza mpira huohuo, sekondari. Ndiyo maana nahoji.

Mjomba Mlezi
Haya. Mechi iliyopita aligongwa kichwa kwa kichwa. Alisimama mwenyewe, akarudi akamaliza mechi. Usiku akanipigia, anasema mwanga unamuumiza macho na anasahau namba za michezo waliyopanga, yeye ambaye huwa anazikariri zote. Juzi alitapika. Timu ameiambia ni bega. Ameniomba nisimwambie mtu, hasa mama yake, na mimi nimemwahidi.

Kabla hamjanishambulia: ana miaka 22. Ni mtu mzima. Amefanya kazi hii tangu darasa la sita, saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye vyuma, theluji mpaka magotini. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka. Maumivu yanapungua kila siku, jana amelala vizuri.

Nesi wa Zamu
Nimesoma hii nikiwa kazini na nimelazimika kukaa chini.

Kaka, huo ni mtikisiko wa ubongo mpaka daktari atakapothibitisha vinginevyo. Mwanga kuuma, kusahau, kutapika siku kadhaa baadaye. Kwanza kabisa: anayeendelea kutapika, au anayezidiwa na kichwa, au anayelala mkashindwa kumwamsha, anapelekwa hospitali usiku huohuo, hasubiri Jumamosi wala Jumatatu.

Pili, kurudi uwanjani kuna ngazi. Mazoezi mepesi, kisha kukimbia, kisha mazoezi bila kugongana, na kila ngazi inachukua angalau saa 24. Dalili zikirudi, unashuka ngazi. Huyu hajaanza hata ya kwanza, kwa sababu hakuna anayejua kama anaumwa.

Huko mliko kuna sheria nyingi kuhusu wanamichezo wanaogongwa kichwa, zinazotokana na mtoto mmoja, Zackery Lystedt wa jimbo la Washington. Mwaka 2006, akiwa na miaka 13, aligonga kichwa kwenye mechi, akapumzishwa kidogo, akarudishwa uwanjani. Ubongo ukavuja damu. Alikaa muda mrefu hawezi kusema wala kutembea. Jimbo lake likatunga sheria mwaka 2009, majimbo mengine yote yakafuata. Alirudishwa na watu wazima ambao hawakujua. Wewe unajua.

Mjomba Mlezi
Dada, nakuheshimu, lakini huyo alikuwa mtoto wa miaka 13 na ni siku ileile. Hapa inafika wiki nzima. Na mimi sijasema acheze mechi yote. Tumekubaliana: akifikisha 143 anatoka mwenyewe, anasingizia bega. Kocha anataka rekodi pia, hatambishia. Na akikosa hii hakuna nyingine, kwa sababu mwaka wa ziada kwa jeraha hutolewa kama umeumia kabla ya nusu ya pili ya msimu. Sisi tuko Novemba.

Mama Nuru
"Tumekubaliana." Kumbe mlishaamua, ushauri unaomba wa nini?

Mdau wa Texas
Mkuu, nakuelewa kuliko unavyodhani, lakini hebu tuitazame hiyo rekodi yenyewe. Unamjua Ron Dayne wa Wisconsin? Alimaliza mwaka 1999 na yadi 6,397 kwa hesabu rasmi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Mwaka 2016 Donnel Pumphrey wa San Diego State akampita, 6,405. Yadi nane! Lakini mechi za baada ya msimu zilikuwa hazihesabiwi mpaka mwaka 2002. Za Dayne ukizijumlisha, anafika 7,125. Kwa hiyo hadi leo watu wanagombana nani wa kwanza. Barry Sanders naye mwaka 1988 alikimbia 2,628 kwa msimu mmoja, na mechi yake ya mwisho haimo humo. Kitabu kinaandika kile makarani walichokubaliana kuhesabu.

Na kwa NFL, Pumphrey huyohuyo, juu ya wote wa vyuo vikubwa, alichukuliwa raundi ya nne. Bryce Love wa Stanford alikimbia zaidi ya yadi 2,100 mwaka 2017, akarudi mwaka mmoja zaidi, goti likachanika kwenye mechi ya mwisho ya msimu, naye akaangukia raundi ya nne. Rekodi ya chuo kidogo haimfungulii mtu mlango. Maskauti, wale wanaozisakia timu vipaji, wanataka kuona picha za mechi na ripoti ya daktari.

Mjomba Mlezi
Si kwa ajili ya NFL. Nimeiweka NFL pale juu kwa sababu nilijua mtaielewa. Ni jina lake. Jina la ukoo wetu, lililoandikwa vibaya kwenye kila fomu tangu tufike hapa, litakuwa ukutani limeandikwa sawasawa.

Jicho la Tatu
Wakuu, hii ni CHAI. Nimekaa kimya nikisoma. Mara bega, mara kichwa. Mara NFL, mara si NFL. Chuo hakitajwi, jina hakuna, picha hakuna. Mama anapata viza ya Marekani kama anakata tiketi ya basi la Msamvu! Na Mtanzania anayekaribia rekodi ya chuo Marekani, magazeti yetu yangekuwa yameshamjaza kurasa za mbele. Mtu kakaa na takwimu za Google anatutungia hadithi.

Chumvi Nyingi
Duh. Na mimi nilishaanza kumwombea.

Kipanga wa Mbagala
Jicho, magazeti gani? Yanayoandika usajili wa Simba na Yanga Januari mpaka Desemba? Kuna vijana wetu wengi huko nje hatuwajui. Ila ni kweli mleta mada, weka hata jina la chuo.

Mjomba Mlezi
Siweki. Nikiweka chuo, kesho asubuhi daktari wa timu anaisoma kwa programu ya kutafsiri, na dogo atajua imetoka kwangu. Viza dada anayo tangu alipokuja mke wangu alipojifungua. Bega ndiyo hadithi aliyoipa timu, nami nikawapa ninyi ileile kwa sababu nimeizoea mdomoni. Asiyeamini apite.

Jicho la Tatu
Jibu zuri. Bado ni chai.

Nesi wa Zamu
Jicho, ikiwa ni chai nimepoteza nusu saa yangu ya mapumziko, basi. Ikiwa si chai kuna kijana anaingia uwanjani Jumamosi na ubongo ambao haujapona. Kati ya hayo mawili mimi nimeshachagua.

Kaka, nisikilize. Chuo Kikuu cha Boston kilichapisha utafiti mwaka 2017 wa ubongo wa wachezaji waliofariki. Kati ya 53 walioishia ngazi ya chuo, 48 walikutwa na ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara. Ni wale ambao familia zilitoa ubongo kwa sababu ziliona dalili, kwa hiyo usichukulie kwamba ni kila mchezaji. Lakini ni watu wa chuo, hawakufika NFL. Rekodi zao sizijui, na nina hakika wajane wao hawazihesabu.

Una dada anayeruka Alhamisi kuja kusimama uwanjani na mwanawe. Anaruka bila kujua anakwenda kutazama nini. Wewe ndiye uliyekabidhiwa huyo mtoto. Ahadi kwa mpwa ipo, na ya kwa dada ilitangulia.

Mdau wa Texas
Na hiyo sherehe ya kuaga haihitaji acheze. Mwaka jana chuo cha karibu nasi kijana alitembea na mama yake amevaa jezi, mkono kwenye bandeji, uwanja mzima umesimama. Mama atampata mwanawe palepale katikati.

Mjomba Mlezi
Nimesoma yote, na ya Jicho pia.

Nikimpigia yule mtaalamu wa tiba wa timu mwenyewe, nikamwomba asiseme nani kamwambia. Dogo atajua ni mimi?

Nesi wa Zamu
Atajua. Umesema ulimwahidi peke yako. Piga hivyohivyo.

Mama Nuru
Atakununia. Wangu alininunia mwaka mzima kwa jambo dogo kuliko hili, leo ndiye anayeninunulia dawa za presha.

Mjomba Mlezi
Huku ni saa nne usiku, huyo wa timu nampata asubuhi. Nakwenda kulala chumba kimoja na dogo nimtazame. Morogoro kumeshakucha, naanza na dada.