Sukari ya mama hupanda jioni baada ya tibakemikali: mashine ni mbovu?

Swali
Habari zenu, ndugu. Mama yangu anatibiwa saratani ya titi na hajawahi kuwa na kisukari. Tangu dripu ya pili tunaona kwamba kwa siku mbili tatu za mwanzo hushikwa na kiu kali na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Jana jioni kipimo cha nyumbani kilionyesha milimoli 14.2 kwa lita, ilhali asubuhi, kabla hajala, kilikuwa 5.9. Je, tuiamini mashine?

Jibu la muuguzi
Pole kwa kuuguza. Iaminini. Tofauti hiyo ya asubuhi na jioni hutokea sana kwa wanaopewa deksamethasoni, steroidi inayoambatana na tibakemikali ili kuzuia kichefuchefu na mzio. Dawa hiyo hulifanya ini limimine sukari zaidi katika damu na wakati huohuo hudhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari. Ikimezwa asubuhi, sukari hupanda mchana na jioni, kisha hushuka usiku, ndiyo maana anayepimwa asubuhi tu huonekana hana tatizo. Mpimeni pia saa mbili baada ya chakula cha mchana na kabla ya chakula cha jioni, mkiandika saa na siku ya dripu. Hata hivyo, kwa kuwa ana dalili na kiwango kimevuka 11.1, mpaka unaotumika kutambua kisukari, mpigieni daktari wake leo. Msimwachishe deksamethasoni kwa uamuzi wenu, maana kutapika kupita kiasi nako humdhoofisha.

Jibu la aliyeuguza
Nakubaliana na muuguzi. Kwa kaka yangu tulidhani uchovu wote ni wa tibakemikali, na nasikitika kwamba tulichelewa kumpima sukari. Ulizeni pia kuhusu kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwani mgonjwa mwenye upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni, huweza kupata jibu lisiloaminika.

Muuliza swali
Asanteni sana. Je, hali hii itabaki?

Muuguzi
Mara nyingi sukari hushuka steroidi zikimalizika, ingawa wapo wanaobaki na kisukari, hasa waliokuwa nacho bila kujua; kwa hiyo apimwe tena baada ya matibabu. Kwa sasa jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni maambukizi, kwa sababu chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, zikiwa chache na sukari ikiwa juu, mwili hupambana na maambukizi kwa shida. Akipata homa ya nyuzi 38, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.